Mafuta Yako Nyuma

Mafuta ya breki yana harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Si petroli, si dizeli, si oili chafu. Yana utamu fulani, kama dawa ya kikohozi iliyosahaulika juani. Wengine wakiisikia wanakunja pua na kuendelea na hamsini zao. Mimi nikiisikia nasimama, na kama siko mbele za watu nalia, mtu mzima na miwani yangu. Hivi karibuni nililia gereji hapa Kigoma mjini, na fundi maskini akadhani ni kwa sababu ya bei aliyonitajia. Akapunguza. Sikumsahihisha.

Harufu hiyo ni ya uwanja wa nyumba yetu pale Bangwe, na ni ya baba. Alikuwa na lori kuukuu la bluu iliyobabuka, alilobebea dagaa na madumu ya mawese kupeleka Kasulu, na kurudi na maharage. Alilinunua likiwa limekwisha kuchoka, akalipenda kama mtu anavyopenda jino lake bovu: linamsumbua, lakini hataki liguswe na mtu mwingine. Gereji hakwenda. "Gereji wanakwenda watu wasio na mikono," alisema, na jambo likishasemwa na baba lilikuwa limekwisha. Sijapata kuona mtu mgumu wa kukubali kosa kama yeye. Akipotea njia, basi njia ndiyo iliyohamishwa. Mama alikuwa akimtania kwamba siku akisema "nimekosea" atachinja mbuzi, na baba alimjibu aanze kumfuga sasa ili afe kwa uzee.

Hiyo ilikuwa ile miaka ambayo wenzangu wa rika langu hawahitaji kukumbushwa. Watu walivuka mpaka kutoka Burundi wakajaa Kagunga, ufukweni mwa ziwa, mpaka miguu yao ikawa majini, na meli ikawaleta bandarini Kigoma wakiwa na magodoro vichwani na sufuria nyeusi mikononi. Sisi watoto tulisimama kuwatazama bila adabu. Walipelekwa kambini, kila mmoja kambini, hata mimi nikaamini kambi ni mji mkubwa na mzuri kuliko Kigoma, vinginevyo kwa nini dunia nzima ielekee huko? Nilimwomba mama na sisi twende. Aliendelea kupepeta mchele.

Katika watu hao alikuwemo Goreti. Mama yangu ni Muha wa Manyovu, na kule mpaka ni mto tu, koo zimekaa pande zote mbili. Goreti alikuwa binti wa binamu ya bibi yangu, au kitu cha namna hiyo, kwa hiyo kwangu akawa mama mdogo na kwa baba akawa shemeji, bila mjadala. Alishikwa na ugonjwa wa kuhara pale Kagunga. Alipoona miguu haimbebi, alimkabidhi jirani yake mtoto wake Keza, binti mdogo ambaye hata meno ya mbele hayajang'oka, wapande kwanza wao, yeye atafuata. Akafuata kweli, lakini akiwa amebebwa na hajitambui. Alipozinduka hospitalini Kigoma, jirani na mtoto walikwisha kupelekwa kambini, na hakuna aliyejua kambi ipi.

Mama alimchukua akae kwetu mpaka apate nguvu. Nakumbuka alivyokuwa mwembamba, na alivyokataa kukaa bure. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alichuja mawese ya mama mara ya pili, akayapanga kwenye chupa nyuma ya nyumba, kwenye jiko, safi na mekundu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchechemea, lakini kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, tulielewana. Akikubali jambo alisema "Ego," kwa sauti ya chini, na alikubali kila jambo.

Halafu habari ikaja. Mtu wa kilima chao, yaani wa kijiji chao kule Burundi, aliyeruhusiwa kuja mjini kutibiwa, alisema amemwona Keza. Jirani aliyempeleka alifariki, na mtoto amewekwa kwenye banda la watoto wasio na wenyewe, na watoto hao watahamishwa Jumatatu. Wapi, yeye hakujua. Wengine walisema kambi nyingine, wengine walisema mbali zaidi, kwa watu wa kuwalea.

"Mwana wanje, mtoto wangu, ana mwenyewe," Goreti alisema. Alilisema hilo kwa mama, kwa yule mtu, na kwangu mimi. "Mwenyewe si huyu nimekaa?"

Mkimbizi hakuweza kupanda gari hivihivi. Njiani waliulizwa vibali, na wenye mabasi waliogopa. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi, anasafisha spana. Akasema bila kuinua kichwa, "Nitampeleka mimi. Jumapili alfajiri tunatoka, adhuhuri tuko kambini. Atakaa mbele na huyu mtoto wangu. Ukiwa na mtoto hawakuulizi sana."

Goreti alipiga magoti. Baba, ambaye hakupenda kushukuriwa, alimwambia ainuke, ana vumbi.

Tatizo ni kwamba lori lilikuwa na lake. Wiki ile ile baba alikuwa ameifungua klachi mwenyewe. Nieleze kidogo, kwa wenye magari ya siku hizi yasiyo na klachi. Ukikanyaga pedeli, kuna pampu ndogo juu, karibu na mguu wako, inayoyasukuma mafuta ya breki kwenye bomba mpaka pampu nyingine chini kwenye gia boksi. Mafundi wa kwetu wanaziita masta ya juu na masta ya chini. Baba alikuwa amebadilisha raba za masta ya chini, akajisifu jioni nzima, na kulipokucha pedeli ikazama mpaka sakafuni na kikopo cha mafuta kilikuwa nusu. Mafuta yalikuwa yanavuja mahali.

Jumamosi alipatafuta mahali hapo kama mtu anayetafuta mwizi wa kuku. Alifuta kila kiungo kwa kitambaa kikavu, kisha akamwomba mama unga wa muhogo. Mama aliguna, maana ndio uliokuwa ugali wetu. Baba akaunyunyiza kwenye masta ya chini, kwenye mpira, kwenye kila nati. Goreti akapanda kukanyaga pedeli, maana safari ni yake na hakuna mtu angemtoa pale. Chini unga ulibaki mweupe. Kwenye mpira pia, mweupe. Ndipo baba akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akakuta unga umekuwa uji kwenye fimbo ya masta ya juu.

"Huyu hapa," alisema. "Nimempa wa chini nguvu mpya, huyu mzee wa juu ameshindwa kubishana naye."

Aliifungua, akaitia raba mpya, akaifunga. Mpaka hapo hakuna kosa, na nimeshawauliza mafundi wengi nikijifanya nazungumzia gari langu. Kazi ya baba ilikuwa safi.

Kisha akasema, "Sasa tutoe upepo."

Mimi nikaganda. Nyumbani tulisema Kiha. Kiswahili nilikiokota shuleni na barabarani, na upepo na pepo kwangu vilikuwa ukoo mmoja. Kule Ujiji, karibu na kwa rafiki yangu, nilikuwa nimesikia ngoma za kumtoa mtu pepo, na nilijua ni jambo la kutisha. Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa likilisumbua lori letu siku zote! Nilimkimbilia mama nikamuuliza linatokea wapi. Mama, mwenye moshi machoni, akajibu, "Linatokea chini." Nikachuchumaa mbali kidogo na tairi, nitazame.

Baba alikuwa amelala chali chini ya lori, ameshika mpira mwembamba uliozama kwenye chupa. "Kanyaga," alisema. "Shikilia. Achia." Goreti juu alijibu, "Ego." Na ndani ya chupa nikayaona mapovu, yanapanda moja baada ya jingine, na nikajua hizo ni pumzi za pepo. Sikuyaondolea macho.

"Shemeji," baba aliita kutoka chini, "angalia kikopo. Kikikauka upepo utaingia tena."

"Kimepungua, shemeji."

"Jaza basi. Mafuta yako nyuma."

"Ego."

Nilimsikia akishuka, akakawia kidogo, akapanda tena. Mapovu yalikuwa yamekwisha. Baba akakaza skrubu, akatoka, akajaribu pedeli ikawa ngumu na nzuri. Kulikuwa na giza ndani ya kabini. Alipapasa kikopo akakuta kimejaa mpaka mdomoni na kifuniko kimefungwa, akasema shemeji yake ana akili kuliko mautingo wote aliowahi kuwaajiri. Goreti alicheka. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka.

Tulitoka alfajiri. Goreti alikaa katikati, amebeba gauni ambalo mama alilikata kutoka gauni langu la sikukuu kwa ajili ya Keza, na mimi nilikuwa nimenuna kwa ajili ya gauni hilo. Alinieleza njia nzima Keza anapenda nini. Anapenda ndizi za kuchoma. Haogopi mbwa. Hawezi kulala bila kushika sikio la mtu. "Utampa sikio lako?" aliniuliza. Nilisema nitafikiria.

Kwenye milima ya kuelekea Kasulu asubuhi ni ya baridi na ukungu, na pale ndipo lori lilipoanza vituko. Injini ilinguruma lakini gari halikupanda. Baba alibadilisha gia, akabadilisha tena. Harufu ya kitu kinachoungua ikajaa kabini. Mwishowe tukasimama, na Goreti akashuka upesi kuweka mawe nyuma ya matairi, kisha akapanda barabara mpaka kwenye kona kutazama kama kuna gari linakuja.

Nikaona tone jekundu kwenye mguu wa baba. "Baba, unatoka damu."

Alishika lile tone kwa kidole, akalinusa. Akafungua kikopo, na ndani kulikuwa na kitu chekundu, kizito, kimeganda kama mawese yanavyoganda asubuhi za baridi. Akapeleka mkono nyuma ya kiti chake, polepole, kama mtu asiyetaka kukuta anachokitafuta, akatoa chupa ya mafuta ya breki. Ilikuwa mpya. Haijafunguliwa.

Alikaa ameishika. Sikuelewa wakati ule, lakini ninyi mmekwisha kuelewa. Nyuma, baba alimaanisha nyuma ya kiti. Na Goreti hakukosea hata neno moja: kwao mafuta ni amavuta na nyuma ni inyuma, na nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mafuta safi kabisa aliyoyachuja kwa mikono yake. Raba zilivimba, mawese yakaziba tundu la mafuta kurudi, klachi ikabaki kama iliyokanyagwa. Mtu wa mahali pengine angeuliza mafuta gani. Kwetu Kigoma ukisema mafuta, ni mafuta gani mengine?

Goreti alirudi akihema. "Shemeji, kuna nini?"

Baba alinitazama, akatazama chupa, akairudisha nyuma ya kiti. Akasema, "Ni mimi. Nimefunga raba kinyume. Nimekosea."

Nilingoja mbingu zianguke. Goreti alisema tu, "Basi tengeneza, shemeji. Tengeneza upesi." Akarudi kwenye kona yake. Ndipo baba akaniinamia, macho yake mekundu, akasema, "Hiki ulichokiona humu usimwambie mama yako mdogo. Hata ukiwa mkubwa, usimwambie. Umenisikia?"

Nilimsikia. Niliamini tumeliona pepo lenyewe, la rangi ya damu, na kwamba likitajwa litamvamia mama mdogo. Nilifunga mdomo kwa hofu, si kwa busara.

Siku ile nzima baba aliosha bomba, akafuta, akarudisha raba kuukuu alizokuwa ametupa kwenye boksi. Magari mawili matatu yalipita. Goreti alijaribu kuyasimamisha katikati ya barabara, ameinua gauni lile dogo kama kibali chake. Dereva mmoja alisimama, akasikia lafudhi yake, akasema samahani mama. Tukalala palepale. Jumatatu tulijikokota, pedeli ikizama na baba akiongeza mafuta kila kilima, na tukafika kambini jua likiwa limepinduka.

Banda la watoto lilikuwa na mikeka tu. Mwanamke mmoja alikuwa anafagia.

"Wameondoka asubuhi," alisema.

"Na Keza?"

"Wote, dada yangu. Walipakiwa wote."

Goreti alikunja gauni, akalikunja tena, mpaka likawa dogo la kuenea kiganjani. Kisha akamgeukia baba. "Ulisema unaweza," alimwambia. "Ulisema wewe huhitaji fundi."

"Nilisema," baba alijibu.

Keza alitafutwa, msidhani hakutafutwa. Lakini Keza alikuwa mdogo mno kujua jina la baba yake au la kilima chao, na kwenye makaratasi yaliyoandikwa haraka ilionekana aliandikwa kwa jina la yule jirani aliyefariki, au jina jingine kabisa. Kila mara ilisikika yupo mahali fulani, na kila mara alikuwa mtoto wa mtu mwingine. Baba alikwenda kila aliposikia. Alimaliza matairi kwa safari hizo, na hakumpeleka Goreti kwa sababu Goreti alikataa kupanda gari lake.

Goreti alibaki Kigoma, akapata chumba karibu na soko la dagaa Kibirizi, akaishi huko miaka yote. Mama alimtembelea. Baba akipita, Goreti alimwita "Fundi." Shemeji liliisha siku ile. "Fundi huyo anapita," aliwaambia wanawake wenzake kwa sauti, "kama mna mtoto mnataka apotee, mpeni." Na baba yangu, mtu ambaye hakukubali hata kuambiwa chai yake ina sukari nyingi, alivua kofia, akamwamkia, akaenda zake. Mama alimsihi ajitetee, amwambie hata gari la fundi mkubwa huharibika. Alijibu kuwa kosa ni lake. Mbuzi hakuchinjwa. Hakuna aliyekumbuka utani ule.

Nilikuwa sekondari nilipoelewa. Nilikuwa jikoni, asubuhi ya baridi, ninatikisa chupa ya mawese yaliyoganda, nikaiweka chupa chini. Nilimfuata baba uwanjani. Nikamwambia, "Baba, lile halikuwa pepo. Yalikuwa mawese."

Aliendelea kukaza nati. "Umekumbuka vibaya," alisema.

"Ni yeye aliyetia."

"Nimekwambia umekumbuka vibaya." Kisha, nilipokuwa nageuka, akaongeza kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Akinichukia mimi, anapata usingizi. Mwache alale."

Nilimkasirikia baba. Nasema kweli, nilimkasirikia miaka. Niliona ni uonevu anaojifanyia mwenyewe na kutufanyia sisi, maana mtaani tulikuwa watoto wa mtu aliyepoteza mtoto wa watu. Mara ngapi nilikwenda mpaka mlangoni kwa mama mdogo, neno likiwa limekwisha kuiva mdomoni! Nilimkuta akipika, au akishona, au amekaa tu akishikashika sikio lake mwenyewe bila kujua, na nikarudi nyumbani na neno langu.

Baba tumemzika mwaka huu. Siku ya pili ya msiba, mama mdogo Goreti aliingia kwetu. Alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti kile tangu safari ile. Amekuwa bibi kizee sasa, mgongo umepinda. Wanawake walimpisha mkekani, akakaa karibu nami, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ileile iliyochuja mawese.

"Mwana wanje," alisema, "nilimwombea mabaya baba yako. Kila siku ya Mungu. Nilisema huyu mtu kwa kiburi chake aliniulia mtoto aliye hai."

"Najua, mama mdogo."

"Lakini mtu asiende amebeba hasira yangu, njia ni ndefu. Nimekuja kumwambia, na kwa kuwa hasikii, nakwambia wewe. Nimemsamehe."

Wanawake walioizunguka mikeka wakasema amefanya jambo kubwa, Mungu amlipe. Alinitazama, anangoja. Macho yake yalikuwa mepesi kama ya mtu aliyetua mzigo, na mimi ndiye pekee duniani niliyebaki na kile ambacho kingemrudishia mzigo huo, mkubwa kuliko wa kwanza.

"Asante, mama mdogo," nikamwambia. "Alikuwa akikungoja."

Kisha nikaenda kumletea chai, kwa sababu sikutaka aone uso wangu.